Mgeni Hajala

Sanduku la kanga za mama nililifungua mwenyewe. Mama mdogo, aliyekuja kutoka Morogoro kwa ajili ya arobaini, alisema kanga za marehemu hufunguliwa na binti yake, kisha akavuta kiti na kikombe chake cha chai ili ahakikishe binti hakosei. Zilikuwa doti juu ya doti, zimekunjwa pembe kwa pembe kama alivyozikunja mama siku zote, zinanukia karafuu na sabuni ya mche. Karibu na chini nilifunua moja ya kijani iliyofifia, na harufu ikabadilika. Ilikuwa harufu ya gazeti lililolala muda mrefu chini ya taa ya joto. Mwili wangu uliijua kabla macho hayajaona kitu. Ndani ya kanga mlikuwa na gamba la nyoka, zima, kuanzia mdomoni hadi ncha ya mkia, jepesi kiasi kwamba pumzi yangu ililitikisa.

Chai ya mama mdogo ikamwagika. "Yesu na Maria! Dada si aliniambia alilichoma?"

"Hata mimi aliniambia hivyo," nikasema.

Tukatazamana. Kisha wote wawili, bila kupanga, tukageuka kuutazama mlango wa chumba cha nyuma. Mama mdogo hapiti mlango ule. Akitaka kwenda uani huzungukia barazani, na baridi yote hii ya Johannesburg. Alibana midomo, akasema tulirudishe lilipokuwa. Nikalirudisha. Lakini mimi niliyekuwa nikijisifu kwamba mambo yale niliyaacha utotoni, nimekuwa nikiyafikiria tangu hapo nikipika, nikifua, nikiendesha gari.

Baba yangu alikuwa mtu wa huku. Miaka yake ya ukimbizi aliimalizia Morogoro, akamwoa mama huko, akanipata mimi huko, na nchi yake ilipofunguka alituleta kwenye mji ambao hata yeye alikuwa ameanza kuusahau. Tukapata nyumba Observatory, mtaa wa mlimani wenye ngazi za mawe zinazomaliza pumzi. Nilikuwa mtoto wa darasa la kwanza hivi. Watoto wenzangu waliongea Kizulu na Kiingereza, na baada ya muda mfupi mimi pia Kiswahili changu kilianza kutoka kwa kusukumwa. Jambo moja tu mama hakulilegeza: shikamoo. "Nje ya mlango huo semeni mnachosema," alikuwa akisema. "Ndani ya mlango huu ni Morogoro." Kwa hiyo kila asubuhi nilimwamkia baba, naye aliitikia "Marahaba, mwanangu" kwa lafudhi yake ya Kizulu iliyoivuta ile marahaba ndefu kama mpira.

Miaka ile wazungu wengi wa mtaani walikuwa wanahama nchi. Walikuwa wakiacha mbwa, paka, maua ya kwenye vyungu. Jirani yetu wa ukuta mmoja, kijana mpole mwenye ndevu, aliacha nyoka. Alikuja barazani amebeba kasha la kioo, amechoka kuzunguka nalo kutwa, maana kila mlango aliobisha ulifungwa. Ndani alikuwa chatu mdogo, wa aina ile inayotoka Afrika Magharibi, mweusi mwenye madoa ya rangi ya asali, ambaye akiogopa hajitutumui wala hang'ati, bali hujikunja akawa donge na kukificha kichwa katikati. Alikuwa amejikunja hivyo wakati ule. Baba akainama, akamtazama kwa muda mrefu.

"Huyu anaogopa kuliko sisi," akasema. Kisha akamgeukia mama kwa uso wa mtu anayejua anachokitafuta. "Mama Thandi, ninyi si ndio mliosema mgeni njoo, mwenyeji apone?"

"Na tukasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," mama akajibu. "Huyo jembe atalishika na nini?"

Baba alicheka mpaka akashika ukuta. Nyoka akaingia ndani na jina likabaki Mgeni.

Hatukujua lolote. Kijana alimwachia baba maelezo ya dakika chache mlangoni, basi, na mengine tulijifunza kwa kukosea. Kasha likawekwa chumba cha nyuma, kando ya kiti ambacho baba alikuwa akisomea magazeti. Magazeti yenyewe yalitandikwa chini, taa ya joto ikafungwa upande mmoja tu ili upande wa pili ubaki na ubaridi wa kukimbilia, na nusu ya chungu cha maua kilichovunjika ikawa pango lake. Bakuli la maji lilikuwa zito, asilipindue. Chakula chake kilikuwa panya, na panya walitoka duka la wanyama wakiwa wamegandishwa, weupe, macho yamefumba. Baba aliwaweka kwenye friza ndani ya kopo la aiskrimu, na hapo ndipo Mama Furaha alipopatia mshtuko wake. Alikuwa msusi, Mkongo wa Bukavu aliyepanga chumba cha uani, na siku moja mama alimwambia achukue barafu mwenyewe. Alirudi sebuleni na kifuniko mkononi.

"Mama Thandi, ile panya iko mu frigo, munakulaka?"

"Sisi? Toka!" mama akacheka. "Anakula mkubwa wa nyumba, yule wa chumba cha nyuma."

Mama Furaha hakuomba barafu tena. Mimi nililiokota lile neno, mkubwa wa nyumba, kama watoto wanavyookota vitu visivyowahusu, nikaliweka.

Kumlisha ilikuwa kazi ya Jumamosi, yangu na baba. Tulimyeyusha panya kwenye beseni la maji ya vuguvugu barazani, maana jikoni mama aliapa hatutakanyaga. Akishalainika baba alimkausha, akamshika mkia kwa koleo la kuchomea nyama, akanipa na mimi nishike juu ya mkono wake. "Kichwa kitangulie," alinifundisha. "Umsogeze polepole kama anayetembea. Usimkaribishe kwa vidole, hata ukimpenda vipi. Na akishakula usimshike siku hiyo wala kesho yake, atatapika." Nilipenda kila kitu isipokuwa lile tukio lenyewe. Mgeni alipokaribia kuruka, baba alinifunika macho kwa kiganja chake chenye harufu ya tumbaku, akisema mtu akila hatazamwi. Kwa hiyo katika miezi yote ile sikuwahi kumwona Mgeni akila. Nilisikia tu kishindo kidogo cha kioo, kisha kimya, kisha baba akisema, "Haya, tumwache."

Baridi ilipoingia, majani ya mlimani yakawa ya kahawia, na kifua cha baba kikaanza. Mwanzo ilikuwa kikohozi cha kuchekwa. Baadaye hakikuchekwa. Wakamlaza hospitali, na nilipopelekwa kumwona mara ya mwisho hakula uji aliopelekewa na mama, wala hakunitambua vizuri. Macho yake yalikuwa na utando wa rangi ya maziwa. "Hali," nesi alimwambia mama. "Amegoma kula." Ndilo neno nililotoka nalo pale. Niliporudi nyumbani nikamkuta Mgeni kwenye pango lake, na panya wa Jumamosi kando yake, hajaguswa, ameanza kunuka.

Baba alifariki wiki ile ile.

Mama yake akaja kutoka Newcastle ya huku huku, alikokuwa akiishi kwa binti yake. Nilimwita Gogo kama wanavyomwita bibi huku, ingawa mama, katikati ya msiba, alininong'oneza kwamba kwetu gogo ni la kuni, na hiyo ndiyo mara pekee niliyomwona akitabasamu wiki ile. Gogo alimkalisha mama kwenye godoro sakafuni, akamfunika blanketi, kwa kuwa mjane wa huku hukaa hivyo mpaka mazishi. Mama, Mluguru ambaye kwao watu hulia kwa sauti na majirani wakajibu, alikaa akitazama ukuta. Na kwa kuwa wageni wa msiba walikuwa wengi, alikuwa amelifunika kasha la Mgeni kwa kanga ya kijani, watu wasije wakatoka mbio. Likaonekana kama meza ndogo.

Kulikuwa na kazi moja Gogo hakuweza kuifanya peke yake. Mtu akifia hospitali, roho yake hubaki pale kitandani imeduwaa, haijui njia. Inabidi mtu wa ukoo aende kuichukua kwa tawi la mti wa miiba na kuileta nyumbani. Kwao walikozaliwa hakukuwa na nyumba tena, walihamishwa kwa nguvu zamani na mashimo ya nguzo yakalimwa. Nyumba ya baba ilikuwa hii. Lakini Gogo hakukijua kitanda. Mimi nilikijua.

Tulikwenda mchana. Kitandani mwa baba alikuwa amelazwa mzee mwingine. Nesi alituona na tawi, akainamisha kichwa, akavuta pazia. Mzee naye akakunja miguu yake taratibu kutupa nafasi. Gogo akalilaza tawi pale miguu ilipokuwa. "Mandla," akamwita baba kwa jina lake, kwa sauti ya kumwamsha mtu asichelewe, "asihambe, siya ekhaya." Twende, tunakwenda nyumbani. Kisha akalichukua, na kuanzia hapo hakusema na mtu mwingine yeyote, hata mimi. Ndiyo miiko yenyewe: anayemleta marehemu hazungumzi ila na marehemu. Kwenye teksi, ambayo huku ni daladala, nililipa mimi, viti vitatu, na dereva aliponiona nahesabu tatu akageuka, akaona tawi, akazima muziki. Kile kiti kati yangu na Gogo kilikaa wazi hadi mwisho wa safari ingawa watu walisimama vituoni wakipunga mikono. Gogo alikuwa akikielekeza. Sasa tumesimama kwenye robot, taa za barabarani, Mandla. Sasa tunapanda mlima. Nilikitazama kiti kile na kitambaa chake kilichochanika, na wakati gari lilipokata kona, naapa, sikutaka kukiegemea.

Nyumbani Gogo aliingia na kusimama katikati ya sebule, akinitazama. Sikuhitaji aseme. Alitaka mahali pa ndani kabisa, mahali pa baba. Nikampeleka chumba cha nyuma, nikamwonyesha kiti. Kiti kilikuwa kimejaa makoti ya wageni. Kando yake kulikuwa na meza ndogo iliyofunikwa kanga safi. Gogo akalilaza tawi pale juu, akapiga magoti, akapiga makofi mawili laini.

"Usufikile, Mandla," akasema. Umefika.

Chini ya kanga kitu kilijiburuta kwenye gazeti.

Nilikisikia. Gogo, kama alikisikia, hakugeuza shingo. Mimi nilisimama mlangoni na nywele zimenisimama, na akili yangu ya mtoto ikafanya hesabu yake yote kwa mara moja. Baba ametoka hospitali. Baba amepanda teksi. Baba amewekwa hapo juu, na sasa ameingia ndani.

Baada ya mazishi Gogo alibaki nasi. Kila asubuhi alipiga magoti mbele ya kasha akazungumza na mwanawe. Leo najua alizungumza na tawi, na mahali, na mtoto wake aliyempotea miaka mingi na kumrudia mgonjwa. Wakati ule niliona bibi anaongea na nyoka na nyoka anasikiliza. Siku moja kanga iliteleza. Mgeni alikuwa amejinyoosha usawa kabisa na uso wake, ulimi unatoka na kuingia. Gogo hakupiga kelele. Alikaa vile muda mrefu, halafu akaivuta kanga akamfunika taratibu, kama unavyomfunika mtu aliyelala. Mpaka leo sijui aliamini nini. Nilichojua ni kwamba mama aliponituma nimwulize kama mnyama yule anaweza kutolewa, jibu lake lilikuwa fupi: kitu cha marehemu hakitoki nyumbani kabla ya siku ya kuosha msiba, nguo nyeusi zinapovuliwa. Shati, viatu, nyoka, vyote vingoje.

Mama akakubali, ila siku hiyo ikifika nyoka atoke. Alipiga simu duka la wanyama, wakamwambia watamchukua kwa furaha, ila awe anakula. Nyoka asiyekula hawamtaki. Na Mgeni alikuwa hali kitu. Mama alimlilia Mama Furaha uani, nikiwa nasukwa nywele: "Akifa humu ndani, hawa wakwe zangu watasema nimemuua mimi."

"Yesu ataona, Mama Thandi. Muchungaji wetu anaweza kuya kuombea iyi nyumba."

"Amwombee nyoka ale?"

"Hapana. Atoke."

Nilikaza meno, si kwa sababu ya nywele. Mama alitaka ale ili aondoke. Mama Furaha alitaka aondoke hata bila kula. Hakuna aliyeona kwamba yule ni baba na ana njaa. Na kama hakula mara ya kwanza akafa, asipokula mara hii ataenda wapi tena? Nani atamfuata na tawi?

Nikajitwisha kazi. Nilibadilisha magazeti na maji, nikahakikisha taa inawaka, nikamyeyusha panya barazani kama nilivyofundishwa na kumtembeza kichwa mbele kwa koleo. Hakusogea. Nilianza kumwamkia. "Shikamoo, baba," nilinong'ona kwenye kioo kabla ya shule. Nilisubiri kidogo, kwa adabu. Ulimi ulitoka ukarudi.

Kisha macho yake yakabadilika. Asubuhi moja niliinua kanga nikayakuta yamefunikwa na utando wa samawati, rangi ya maziwa yaliyoongezwa maji. Ngozi yote ilikuwa imepauka. Kila afugaye nyoka anajua maana yake: anajiandaa kujivua gamba, haoni vizuri, usimsumbue. Baba hakufika somo hilo. Mimi niliyaona macho ya hospitali. Nilikaa sakafuni na sare zangu za shule, na nilipopata akili nilikwenda jikoni, nikafinyanga tonge la ugali wa jana, nikalichovya kwenye mlenda. Baba alipenda mlenda kuliko nyama, mama alikuwa akimpikia kwa unga wake uliotumwa kutoka Morogoro. Nililisogeza mbele ya pango kwa koleo, polepole, kama linalotembea.

Mama alilikuta niliporudi shuleni. Sisimizi walikuwa wamelizunguka.

"Nani kaweka ugali humu?"

"Mimi."

"Thandi, nyoka anakula ugali?"

"Baba anaupenda."

Nilidhani atanichapa. Alisimama na nguo zake nyeusi za ujane, koleo mkononi, na uso wake ukafanya kitu ambacho sikuwahi kukiona, ukawa uso wa msichana. Akakaa kwenye kiti cha baba. "Njoo," akasema. Akanipakata ingawa nilikuwa mkubwa wa kupakatwa. "Baba yako tumemzika. Ulitupa udongo kwa mkono wako huu. Umesahau?"

"Na aliyekuja kwenye teksi?"

Alinisogeza kifuani. Tulikaa pale tukilitazama kasha, yeye na mimi, mpaka nikasikia mapigo ya moyo wake mgongoni mwangu, na nilipogeuka nilimkuta anamtazama Mgeni bila kupepesa. Nilitaka kumwambia asiogope. Sasa nafikiri haikuwa hofu.

Siku chache baadaye gamba lilikuwa limelala kwenye gazeti, limegeuzwa ndani nje kama shati la mtu aliyevua kwa haraka, hata vifuniko vya macho vimo. Mgeni aling'aa. Gogo alipoliona alisema tu kwamba aliyevua nguo ya msiba ni mmoja, wamebaki watatu. Mama alilichukua kwa koleo, akatoka nalo uani, akarudi mikono mitupu. "Nimelichoma," akasema, na tukaamini, maana uani daima kulikuwa na moshi wa mtu.

Siku ya kuosha msiba ikafika na joto la kwanza. Kuku walichinjwa, mama akavua nguo nyeusi, mashati ya baba yakagawiwa kwa watu waliotoka nayo mlangoni yakitembea kama yeye. Lile tawi Gogo aliliondoa mwenyewe, hakuniambia alilipeleka wapi. Alipoagana nasi aliniwekea mkono kichwani, akaelekeza kidevu chumba cha nyuma. "Mwangalie," akasema, na akapanda gari.

Mvua kubwa ya kwanza ilianguka siku iliyofuata, mchana, kwa radi ile ya huku inayotikisa vikombe kabatini. Mama alikuwa ameamua. Alifunga kilemba, akanyanyua kopo la aiskrimu mwenyewe kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akaweka panya kwenye maji ya vuguvugu. "Nifundishe," akaniambia. Nikamfundisha: kichwa kitangulie, polepole, kama anayetembea. Nilishika juu ya mkono wake.

Mgeni aliinua kichwa. Shingo ikajikunja kama herufi S. Nilisubiri kiganja cha tumbaku kinifunike macho, na hakikuja.

Sikuona alivyoruka, niliona tu kwamba tayari amefika. Alimzungushia panya mwili wake mara mbili, tatu, akamkaza. Alikuwa mfu yule panya, alikufa zamani kwenye kiwanda cha watu, lakini Mgeni alimkaza vilevile, kwa subira, akimminya pumzi ambazo hazikuwapo. Kisha akamwachia, akamtafuta kichwa kwa pua, na taya zake zikaachana, upande huu na upande ule, zikaanza kutembea juu yake. Nilitazama macho. Hayakuwa na utando tena. Yalikuwa safi, meusi, yamenielekea mimi, na ndani yake hamkuwa na mtu.

Baba yangu alikuwa akimenya chungwa kwa kisu kidogo, ganda lote kipande kimoja, akanipa mimi kwanza kabla hajala.

"Amekula!" mama alikuwa akiruka mle chumbani akipiga vigelegele, koleo juu. "Thandi, amekula! Mungu mkubwa, amekula!" Mama Furaha alijibu vigelegele kutoka uani bila kujua ni vya nini. Halafu mama akanisikia. Nililia kilio ambacho sikulia hospitalini wala kaburini, cha kwenda chini chini kama mtu anayechimba, na sikuweza kumweleza kwamba baba yangu alikuwa amekufa sasa hivi, hapa, mbele yetu. Alinikumbatia mvua ikipiga bati. Nadhani alilia pia.

"Kesho nitawapigia wale wa dukani," alisema baadaye, akinawa mikono.

Kesho hiyo haikufika. Kila nilipomkumbusha alikuwa na sababu: amekonda, anenepe kwanza, baridi inakuja, wale watu wa dukani siwaamini. Sikumsumbua sana. Mimi nilikwisha kumaliza na Mgeni, sikumwamkia tena, na kumlisha kukawa kwa mama. Nilikua, nikaingia sekondari. Alasiri moja mwalimu hakuja, nikarudi mapema, na nikiwa bado na begi mgongoni nilisikia sauti ya mama kutoka chumba cha nyuma. Ilikuwa sauti ya chini, ya utani kidogo, ambayo sikuwa nimeisikia tangu utoto.

"Haya, Baba Thandi. Chakula hicho. Usiseme sikukupikia."

Nilirudi nje kwa kunyata, nikafungua geti tena, safari hii kwa kelele.

Chatu wa aina ile huishi muda mrefu, mrefu kuliko tulivyoambiwa mlangoni. Mgeni yupo. Ni mzee sasa, mzito, anajongea kama anayefikiri. Mama alimlisha hadi wiki aliyolazwa. Tangu tumzike, mimi ndiye ninayebadilisha magazeti na maji, na Mgeni hajala. Najua sababu zote, nimezisoma: ni baridi, ni mkono mgeni, wanaweza kufunga miezi bila kudhurika. Mvua zikianza atakula, kama alivyokula mwaka ule wa baba. Juzi nilimuuliza mama mdogo kama nimpeleke kwa daktari wa wanyama, akanijibu kwamba yeye ni mgeni hapa, na wageni wawili hawapangiani.

Leo asubuhi niliinua kanga inayofunika kasha. Macho yake yana utando, ule wa samawati. Nilipiga magoti nikaona pumzi yangu kwenye kioo, na neno likanitoka lenyewe baada ya miaka yote hiyo.

"Shikamoo, mama."

Nikasubiri kidogo, kwa adabu. Panya yumo kwenye friza, ndani ya kopo la aiskrimu. Sijamtoa, na wala sina haraka ya mvua.